Kipimajoto Kilichohesabu Kinyume

Wasikilizaji wetu, aambiwapo mtu kwamba joto limepanda, hudhani tarakimu nayo haina budi kupanda. Haikuwa hivyo daima. Mwaka 1742 Anders Celsius, mtaalamu wa nyota wa mji wa Uppsala, nchi ya Sweden, aligawanya kipimajoto cha zebaki sehemu 100; lakini maji yachemkapo aliyapa 0, na yagandapo 100. Kwa hesabu hiyo mwili wenye afya, ambao kwetu ni 37, ungekuwa 63, na homa kali ya 40 ingekuwa 60: kadiri mgonjwa azidivyo kuungua, ndivyo tarakimu ishukavyo. Mfikirieni mwuguzi usiku wa manane, taa hafifu mkononi, akisoma hesabu hiyo! Walakini Celsius hakuwa mjinga. Katika baridi kali ya kwao hakulazimika kuhesabu chini ya 0. Mwaka 1743 Jean-Pierre Christin, wa Lyon katika Ufaransa, alitengeneza kipimo kipandacho pamoja na joto. Celsius alifariki mwaka 1744, na punde si punde hata Uppsala wakakigeuza chake. Mwaka 1948 mkutano wa mataifa juu ya vipimo uliipa digrii hiyo jina la Celsius, ijapokuwa yeye aliianzia upande wa pili.