Upasuaji wa Matundu Madogo kwa Saratani ya Utumbo Mpana: Njia Zilizopo na Tofauti Zake

Saratani ya utumbo mpana ambayo haijasambaa mwilini hutibiwa hasa kwa upasuaji. Lengo ni kuondoa kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na tezi za limfu zinazokizunguka, kisha kuunganisha ncha zilizobaki. Kinachotofautiana ni njia ya kuufikia uvimbe huo.

Njia ya kwanza ni endoskopia. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa katika njia ya haja kubwa, na kinyama huondolewa bila kukata tumbo. Hufaa pale tu saratani ingali katika tabaka la juu la ukuta wa utumbo.

Njia ya pili ni laparoskopia, ambapo kamera na vifaa huingizwa kupitia matundu madogo tumboni. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 872, ulionesha kuwa baada ya miaka 3 saratani ilirejea kwa asilimia 16 ya waliofanyiwa laparoskopia na asilimia 18 ya waliofunguliwa tumbo, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Faida ilikuwa kupungua kwa maumivu na siku za kulazwa, kutoka 6 hadi 5. Hata hivyo, upasuaji ulichukua muda mrefu zaidi, na takribani mgonjwa mmoja kati ya watano alilazimika kufunguliwa tumbo.

Njia ya tatu hutumia roboti inayoongozwa na daktari. Utafiti wa mwaka 2017 kuhusu saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, uliohusisha wagonjwa 471, haukuthibitisha kuwa roboti inaishinda laparoskopia, ilhali gharama yake ni kubwa.

Kwa mkazi wa Tabora, safari ya matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, na inapobidi hupewa rufaa ya kwenda hospitali ya kanda au ya Taifa. Anayefika utumbo ukiwa umeziba au kutoboka kwa kawaida hufunguliwa tumbo kwa dharura.

Hivyo, wananchi wanaoona damu kwenye kinyesi, mabadiliko ya choo yasiyoisha, kupungua uzito au upungufu wa damu usioeleweka wanahimizwa kuwahi kupimwa. Kuwahi ndiko kunakompa daktari nafasi ya kuchagua njia.