Baada ya Lango la Hospitali

Msikilizaji, hospitali yoyote itakuambia imelaza wagonjwa wangapi na imeruhusu wangapi. Uliza aliyeruhusiwa mwaka jana leo yu hali gani, anakula kwa mkono wake au analishwa, na wengi watakuna kichwa.

Huko Boston, Marekani, daktari mpasuaji Ernest Codman alilishikilia swali hilo mapema karne ya 20. Alitaka kila mgonjwa afuatiliwe angalau mwaka mmoja, na matokeo yachapishwe, mazuri na mabaya. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo. Katika wagonjwa 337 alitangaza hadharani makosa 123. Wakubwa wa tiba hawakumpenda. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 2014.

Lakini mpasuaji ana kidonda cha kutazama kama kimefunga. Je, aliyepigwa na kiharusi? Katika jimbo la Maryland, hospitali za wagonjwa wa muda mrefu zilianza mwaka 1955 kutumia kipimo ambacho daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa mazoezi ya viungo Dorothea Barthel walikichapisha mwaka 1965. Kina mambo kumi ya kila siku: kula, kuvaa, kwenda chooni, kutembea yadi 50, kupanda ngazi na mengineyo. (Kuteka maji kisimani hakumo.) Kuoga kuna alama 5, kutoka kitandani hadi kitini 15. Hazilingani kwa sababu zilipangwa kufuata muda na nguvu anazotumia mhudumu pale mgonjwa anaposhindwa.

Jumla ni 100. Nawasifu kina mama hao kwa jambo moja: waliandika waziwazi kwamba mwenye 100 si lazima aweze kuishi peke yake. Huenda hawezi kupika wala kutunza nyumba. Maana yake ni kwamba hahitaji tena mtu wa kumvisha na kumwinua, basi.

Waliofuata walizipa alama kazi nyingine. Mwaka 2002, Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianza kuzilipa hospitali za kurejesha uwezo wa viungo kwa kutazama, pamoja na mengine, alama za mgonjwa siku anapopokelewa. Kipimo kilikuwa kingine, chenye vipengele 18. Kadiri mgonjwa alivyo hoi, ndivyo malipo yalivyopanda. Na aliyejaza fomu hiyo, msikilizaji, ni hospitali yenyewe.