Simba wa Uzi

Desemba iliyopita binti yangu wa miaka mitano aliniagiza simba. Sio simba yeyote. Alimtaka Simba, mtoto wa Mufasa, yule wa kwenye katuni, na alimtaka wa kulala naye. Nilimkuta kwenye duka moja la jijini akiwa na lebo halali na macho ya plastiki, na bei yake ilikaribia kuku wanne wa kienyeji. Nikamrudisha rafuni. Tulikuwa tunakwenda nyumbani kwa Krismasi, na nyumbani nina shangazi.

Shangazi ni Mkurya wa Tarime aliyeolewa upande wa Serengeti, kwa Waikoma, kwenye kijiji ambacho ukitoka Mugumu unapanda pikipiki na kufika ukiwa na rangi ya barabara. Ananiita "baba" kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Katika ukoo wetu hakuna nyumba isiyo na mkono wake: vitambaa vya makochi, vya meza, vya stuli. Wenye umri wangu mnakumbuka jinsi sebule ya Mtanzania ilivyokuwa inavalishwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, na televisheni ilipokuja nayo ikashonewa, ikafunikwa usoni kama bibi harusi hadi saa ya taarifa ya habari. Vyote hivyo vilifumwa kwa kroshia, kile kisindano chenye ncha iliyopinda kama ndoano.

Kroshia haikuzaliwa kwetu. Ilipata umaarufu Ulaya katika karne ya 19, na wakati wa njaa kuu ya Ireland, miaka ya 1840, maelfu ya wanawake walifuma lesi ili watoto wao wale. Hapo naomba usimame kidogo, kwa sababu nitarudi kwenye kufuma kwa ajili ya njaa. Huku Mara kazi hizi za sindano zilifuata njia ya misheni na shule. Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walikuja Musoma mwaka 1946, na masista wao wakafungua nyumba Kowak mwaka 1948. Kabla ya wilaya ya Rorya, Shirati na Kowak zote zilihesabiwa kuwa Tarime. Rorya ilikatwa kuwa wilaya mwaka 2007. Msichana aliyepelekwa shule alifundishwa kusoma, na alifundishwa sindano. Baada ya uhuru somo hilo likaitwa sayansi kimu, na shangazi alilipata shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Anasema mwalimu alikuwa anapima duara la kila mwanafunzi kwa kulilaza mezani. Likiinuka pembeni unafumua.

Nilimwonyesha Simba kwenye simu. Aliitazama picha muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Huyu ni mbwa," akasema.

"Ni simba, shangazi. Mtoto wa simba."

"Mbona anacheka?"

Nilicheka mimi. Yeye hakucheka.

Inabidi nieleze kuhusu mwaka 1994. Juni ya mwaka huo kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King. Wasanii wake walikuwa wametembelea Kenya kuangalia nyika na wanyama, wakarudi na mbuga ya kubuni, jiwe moja kubwa la kifalme, na majina ya Kiswahili kama kibaba cha karanga: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Mwaka huohuo Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni, ikiwemo ITV. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, sisi wa bara tukiambiwa tusubiri.

Mwaka huohuo simba wa kweli wa Serengeti walikuwa wanakufa. Walishikwa na kifafa, wakitetemeka na kuanguka mchana kweupe. Ulikuwa ugonjwa wa mbwa, distempa, na kabla haujaisha uliondoka na takriban theluthi moja ya simba wote wa ikolojia ile, yaani kama 1,000 kati ya 3,000. Watafiti walinyooshea kidole mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na miaka iliyofuata mbwa wakaanza kupangwa foleni na kuchanjwa. Wazia basi: huko Marekani watoto wanalia kwenye sinema kwa sababu Mufasa amekanyagwa na nyumbu, na huku Mufasa wenyewe wanakufa kwa ugonjwa wa mbwa wa mjomba wangu.

Na bado mwaka huohuo. Mwaka 1994 ndipo maeneo ya Ikorongo na Grumeti, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa, yalipotangazwa rasmi kuwa mapori ya akiba. Kwenye ramani ni mabaka mawili ya kijani yanayoifunika hifadhi ubavuni. Kwa Waikoma, Wanata na Waisenye ni malisho, visima, sehemu za matambiko na mawindo ya babu zao. Hawakuwa wageni wa kufukuzwa kwa mara ya kwanza. Tangu Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 mstari ulikuwa unasogea, na kila uliposogea mtu aliyekuwa mwindaji alilala mwindaji akaamka jangili.

Hata neno hilo lilipigwa picha mapema. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Serengeti isife. Michael alikufa Januari ya mwaka ule, ndege yao ya michirizi ya pundamilia ilipogongana na ndege mla mizoga. Mwaka 1960 filamu ikapata Oscar. Ni kazi nzuri, nimeitazama zaidi ya mara moja, na bila kampeni ya aina ile sijui kama leo tungekuwa na nyumbu wa kuhesabu. Lakini ndani yake watu wa upande wetu wanaonekana zaidi kama wenye mitego. Miaka 35 baadaye Disney walitatua tatizo hilo kwa njia rahisi: katika The Lion King hakuna mtu hata mmoja.

Mjomba, mume wa shangazi, alikamatwa katikati ya miaka ya tisini akiwa na nyama ya nyumbu. Alifungwa. Siandiki hapa kumtetea, sheria aliijua. Naandika kilichotokea nyumbani. Watoto walikuwa watano, wawili shuleni. Shangazi aliuza ng'ombe mmoja, akaacha aliyebaki kwa ajili ya maziwa, akatoa kile kisindano alichokuwa anakitumia jioni kwa kujifurahisha, akakifanya jembe. Alifuma seti za makochi kwa walimu wa Mugumu, kwa wauguzi, kwa maharusi. Uzi ulitoka Sirari, mpakani. Alikuwa anafuma akitembea kwenda kisimani, anafuma kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Ada zililipwa.

Sikuwa najua habari hii. Nilijua mjomba "aliwahi kusafiri". Kwetu watoto tuliambiwa hivyo, na mimi, mwandishi wa habari ninayelipwa kuuliza maswali, niliishi na safari hiyo hadi nina miaka thelathini na kitu.

Ndiyo maana simba anayecheka hakumchekesha. "Baba yangu alipokuwa kijana," akaniambia, "simba akila ng'ombe, vijana wanamfuata. Aliyemchoma mkuki wa kwanza anachezewa ngoma, anapewa mifugo na ndugu zake. Sasa simba akila ng'ombe unaandika barua. Na wewe unataka nimfume alale na mtoto!"

Nilimwambia sio lazima. Akaniangalia kama vile nimemtukana. "Nani kasema siwezi?"

Mwenyewe nimeiona filamu ile mara ya kwanza Tarime mjini, mwaka 1999 au 2000, kwa jirani aliyekuwa na deki ya video. Kiingereza hatukukijua, tena kwa wengi wetu Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili baada ya Kikurya. Tulikaa sakafuni tukidaka maneno kama mtu anayedaka kumbikumbi: rafiki! simba! Fisi jike alipoitwa Shenzi tulipiga kelele, na mama mwenye nyumba akatoka jikoni kuuliza nani katukana. Lile wimbo la hakuna matata halikutugusa sana. Huku kwetu tunasema hakuna shida, au hamna noma. Matata yapo siku zote. Miaka baadaye ndipo nilipojua kuwa Disney waliyasajili maneno hayo mawili Marekani kama alama yao ya biashara kwenye nguo, mwaka 2003, na kwamba mwaka 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, aliwachokoza mtandaoni akakusanya makumi ya maelfu ya sahihi za kupinga. Wanasheria walieleza kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kuongea. Sawa. Lakini Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wameshawaimbia watalii maneno hayo tangu 1982.

Suala la nani mwenye mnyama wa kuchezea ni la zamani kuliko Disney. Mwaka 1880 fundi cherehani mmoja wa Giengen, Ujerumani, Margarete Steiff, alishona katembo kadogo ka kuchomekea pini. Watoto wakakageuza mdoli, na kiwanda kikaanzia hapo. Mwaka 1903 mwandishi Beatrix Potter alimsajili mdoli wa sungura wake Peter kabla wengine hawajamshona, na tangu hapo mhusika wa hadithi akawa mali inayoweza kushikwa mkononi. Waikoma nao wana tembo wao. Ni Machaba, jozi ya pembe za ndovu wanazozitunza kama kiini cha kabila lao. Wazee wanasimulia kwamba walizipata kwa maelekezo ya mganga wa Kitatoga. Hazichezewi. Hazina lebo pia. Mtoto wa shangazi alinicheka nilipouliza kama naweza kuziona.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne, na hapo ndipo nilipojifunza kitu. Mdoli wa kroshia, ambao Wajapani wameupatia jina la amigurumi na sasa dunia nzima inaufuma kwa kufuata video, huanza sawasawa na kitambaa cha kochi. Unafanya kitanzi, unaweka vifundo 6. Mzunguko unaofuata vinakuwa 12, kisha 18, kisha 24. Ukiendelea kuongeza sita kila mzunguko, duara linalala bapa, na mwalimu wa sayansi kimu anafurahi. Ukiacha kuongeza, kingo zinasimama, duara linakuwa kikombe. Ukianza kupunguza, kikombe kinajifunga na kuwa kichwa. Shangazi alitazama video moja bila sauti, dakika kama tatu hivi, akanirudishia simu.

"Kumbe ni lile kosa," akasema.

Kosa alilokuwa anafumua tangu darasa la tano, duara kuinuka pembeni, ndilo lililokuwa mwili wa simba.

Alifuma kwa kubana sana ili kisichotakiwa kisichungulie. Ndani tuliweka pamba mbichi aliyotupa jirani anayelima, baada ya kuitoa mbegu kwa vidole, kazi waliyopewa watoto na ambayo binti yangu aliiacha baada ya mbegu saba. Uzi wa njano ulikuwa wa Mugumu. Wa hudhurungi haukupatikana. Akafumua kitambaa cha zamani cha redio na kutumia uzi wake kwa masikio na shungi la mkia. Nilitaka kumzuia. Kitambaa kile nakikumbuka tangu utoto, na sasa nilikuwa nimejua kilifumwa mwaka gani na kwa nini. "Redio yenyewe ilishakufa," akasema, akaendelea kuvuta uzi, ukitoka na mawimbi yake kama nywele zilizofumuliwa.

Nilimuuliza mjomba, aliyekuwa amekaa mwembeni muda wote huo, kama anamwonaje. Alimshika simba yule kwa mikono miwili, akamgeuza, akamwangalia miguuni.

"Hana kucha," akasema.

"Ni wa mtoto, mjomba."

"Naona." Akamrudisha. Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza lolote kuhusu ile safari, na hakuna dalili kwamba alitaka kuulizwa.

Mdomo shangazi alikataa kuuweka. Alidarizi macho mawili, pua ya pembetatu, akakata uzi. Kwa hiyo simba wa binti yangu hacheki wala hanung'uniki, anakutazama tu. Ukimweka karibu na picha ya Disney utasema hawafahamiani. Nilidhani mtoto atalia. Alimkagua kama ofisa wa forodha, akanusa pamba, akamfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake.

Nilimpa shangazi hela. Akazihesabu mbele yangu, akanirudishia elfu tano, akasema kazi ya kujifunza haitozwi bei kamili.

Wiki iliyopita nilimpigia. Binti yangu sasa anamtaka Mufasa.

"Huyo si ndiye aliyekufa?"

"Ndiye, shangazi."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia jogoo wa kwake. Kisha akauliza manyoya ya shingoni ni ya rangi gani, maana kitambaa cha meza bado kipo.