Tezi ya Thaimasi na Jina la Magonjwa ya Kinga

Miongoni mwa dhana za utabibu zinazotusumbua katika kuunda istilahi ni ile ya magonjwa ambamo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama kisukari cha aina ya kwanza. Wengi huyaita kwa kifupi "magonjwa ya kinga". Jina hilo halitoshi. Tangu neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, lilipoenea, mgonjwa aambiwaye kwamba ana ugonjwa wa kinga aweza kudhani amepewa habari nyingine kabisa. Yafaa basi tuifuate kwanza historia ya dhana yenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Paul Ehrlich aliipa jina la Kilatini lenye maana ya hofu ya kujitia sumu. Alikusudia kwamba mwili una njia za kujizuia usijidhuru. Waliomfuata wakalisoma jina hilo kana kwamba jambo lenyewe haliwezekani, na utafiti ukazorota kwa miaka mingi. (Hayo ndiyo madhara ya istilahi yenye mvuto kuliko usahihi.) Mwaka 1956 tu ndipo Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao, huko London, walipoonyesha kwamba damu ya wagonjwa fulani ina kingamwili zinazoipinga tezi yao wenyewe ya thairoidi.

Thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ilidhaniwa haina kazi. Tena ilisingiziwa: vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilihusishwa na ukubwa wake, na huko Marekani watoto wengi walipigwa eksirei ili inywee. Kumbe ukubwa ule ulikuwa wa kawaida kwa mtoto. Mwaka 1950 ikaripotiwa saratani ya thairoidi kwa vijana waliotibiwa hivyo.

Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alitangaza kwamba panya walioondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na limfosaiti, wakashindwa hata kuikataa ngozi ya panya wengine. Mwaka 1969 Wajapani Nishizuka na Sakakura waliiondoa siku ya tatu badala yake, na ovari za panya zikaharibika. Kwa hiyo tezi hiyohiyo iliyoleta kinga ilikuwa pia na kazi ya kuizuia.

Leo twajua kwamba seli changa hutoka katika uboho wa mifupa na kuingia thaimasi, ambamo huchujwa. Isiyoweza kabisa kuzitambua alama za mwili hufa. Inayozishika protini za mwili kwa nguvu mno nayo huangamizwa au hugeuzwa kuwa seli ya kutuliza nyingine. Zinazofuzu ni chini ya 5 katika kila 100. Jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, huifanya thaimasi itengeneze protini za viungo vingine, hata insulini ya kongosho, ili mchujo uwe kamili. Wenye hitilafu katika jeni hiyo hushambuliwa tezi kadhaa kwa pamoja. Zile seli za kutuliza Shimon Sakaguchi alizibainisha mwaka 1995, naye akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2025.

Wapo wanaopenda kusema "kinga asi". Hatukubaliani nao, kwani seli hizo haziasi amri yoyote; zimepita bila kuchujwa vema au zimekosa wa kuzituliza. Twapendekeza "magonjwa ya kinga potofu", ili mgonjwa atofautishe upotofu na upungufu. Kwa kazi ya tezi, "mchujo" latosha. Nalo ni neno ambalo kila mpenzi wa mpira analifahamu. Seli za kutuliza ziitwe "limfosaiti T tulizi". Ama thaimasi yenyewe, hatuitafutii neno jipya: ile herufi T ya limfosaiti imetokana na jina lake, na tukilibadilisha, msomaji hataweza kujua ilitoka wapi.