Datsun 240Z

Datsun 240Z ni gari la michezo la Nissan ya Japani, lenye injini ya lita 2.4 na silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Afrika Mashariki inalijua kwa mashindano ya magari ya Safari Rally. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, na msoma ramani wake Lofty Drews. Mehta alilingana kwa pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine, na mshindi akapatikana kwa kanuni ya kuvunja sare.

Historia kama hiyo ina thamani sokoni, kwani uchache peke yake hauelezi thamani ya gari la zamani. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, na moja ilinadiwa mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4, lakini 240Z zilizidi 150,000 na bado zina thamani. Wakusanyaji hulipia historia inayoweza kuthibitishwa: namba ya chesisi inayooana na kumbukumbu za mashindano, injini ya asili, majina ya madereva. Kutu imemaliza nyingi, hivyo bodi nzima isiyoungwaungwa ina bei yake. Gari lililopita matope ya Safari lina sifa ambayo fundi hawezi kuitengeneza upya, na kulipaka rangi mpya bila kujali alama zake ni kuliharibu.

Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan yenyewe nchini Japani.