Nyumba Zinazoachwa Zianguke: Kutoka Mji Mkongwe hadi Butembo na Beni

Nyumba ya kale inaweza kuangushwa bila nyundo hata moja. Mwenyewe huiacha tu: bati lililotoboka halibadilishwi, mfereji wa maji ulioziba hauzibuliwi, mlango hufungwa kwa kufuli na funguo huondoka naye. Baada ya misimu kadhaa ya mvua mbao za dari huoza na ukuta hupasuka pembeni. Ndipo ombi hufika ofisi ya mji kwamba jengo ni hatari kwa wapita njia, liondolewe. Kinachobaki ni kiwanja kitupu, na mara nyingi hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa tangu mwanzo. Sheria nyingi za kulinda majengo ya historia ziliandikwa kumzuia anayebomoa. Anayekaa kimya akingoja ukuta uanguke zilimwacha huru.

Kongo haikukosa sheria. Wabelgiji walitoa dekreti tarehe 16 Agosti 1939 kuhusu ulinzi wa maeneo, majengo ya kumbukumbu na kazi za sanaa za wenyeji. Baada ya uhuru ilikuja ordonansi-sheria nambari 71-016 ya 15 Machi 1971 juu ya mali za utamaduni, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa. Chini yake, jengo likishaorodheshwa, mwenyewe hawezi kulibomoa wala kuligeuza bila idhini. Lakini orodha hutoka Kinshasa, na kutoka Kinshasa hadi Butembo na Beni, miji ya Kivu Kaskazini, ni mbali kwa kila kipimo. Ajabu ni kwamba Beni imezungukwa na urithi wenye jina duniani: Hifadhi ya Virunga iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na Hifadhi ya Okapi upande wa Ituri mwaka 1996. Nchi nzima ina maeneo matano katika orodha hiyo, na yote matano ni misitu na wanyama. Hakuna mtaa hata mmoja, wala nyumba.

Kwa hiyo anayetaka kuona jinsi sheria ya mji inavyopambana na nyumba zilizotelekezwa atapata mfano ulio wazi zaidi Zanzibar. Mji Mkongwe wa huko una majengo takriban 1,700, mengi ya karne ya 19. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Sakafu na mapaa hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba huwa virefu lakini vyembamba. Ujenzi huo ni imara alimradi maji yasiingie. Paa likivuja, vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani ndivyo huoza kwanza. Boriti zikikatika, ukuta hupoteza kilichoushikilia na kuanza kulala upande wa njia. Saruji, ambayo wengi waliipaka wakidhani wanatengeneza, hufungia unyevu ndani na kuharakisha maangamizi.

Uharibifu huo ulikuwa na chanzo cha kisiasa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, walikimbia au walinyang'anywa mali. Serikali ikawapangisha watu nyumba hizo kwa kodi ndogo, familia kadhaa katika jumba lililojengwa kwa ajili ya moja. Kodi haikutosha kununua chokaa, mpangaji hakuwa na haki ya kutengeneza, na serikali ilikuwa na mahitaji mengine. Nyumba za wakfu zilikumbwa na shida hiyo hiyo, na za urithi wa familia zilikuwa na warithi wengi mno, kila mmoja akingoja mwenzake atoe pesa.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Nyumba kadhaa za serikali ziliuzwa kwa watu binafsi kwa sharti la kuzitengeneza, na mwaka 1994 mji ulipata sheria yake na mpango wa hifadhi uliotayarishwa pamoja na Shirika la Aga Khan la Utamaduni. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 sheria mpya ikachukua nafasi ya ile ya 1994. Hata hivyo Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilibomoka sehemu mwaka 2012, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa matengenezo yaliyogharamiwa na Oman, upande wake wa mbele ulianguka na kuua watu wawili. Mwenye jumba hilo alikuwa serikali yenyewe. Si rahisi kumtoza faini raia mwenye paa linalovuja ilhali jumba kubwa kuliko yote mjini lilianguka.

Nchi nyingine zilikwenda mbele zaidi kwa kumlazimisha mwenye nyumba kutengeneza. Uingereza huruhusu halmashauri kumpa mwenye jengo lililoorodheshwa notisi ya matengenezo. Asipotii, jengo laweza kuchukuliwa kwa fidia. Huko New Orleans, Marekani, mwenye nyumba katika mtaa wa kale wa Vieux Carré alipinga mahakamani kanuni za mji, pamoja na wajibu wa kutunza jengo, akidai zinamnyang'anya mali yake. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ilimkatalia.

Huko Butembo na Beni suala lina sura yake. Katiba ya 2006 inalinda mali ya binafsi, na pia inaupa mkoa uwezo juu ya urithi wa historia wenye umuhimu wa mkoa na wa mahali. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Leta, yaani serikali, peke yake. Raia hupewa haki ya kuutumia. Miezi minne baadaye, 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kutaifishwa kwa biashara na mashamba ya wageni, na nyumba nyingi zikapata wenyewe wapya ambao hawakuzijenga. Leo, katikati ya Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaoleta mizigo kutoka Dubai na China kupitia mpaka wa Kasindi, nyumba ya chini ya matofali ya kuchoma yenye baraza inashindana na ghorofa za maduka. Faida ya kuiacha ioze ni kubwa kuliko faini yoyote ndogo. Kanuni isiyogusa thamani ya kiwanja, kwa mfano kwa kukataza ghorofa mahali nyumba ya kale ilipoachwa ianguke, haitamtisha mtu.

Miji yote miwili ilipewa hadhi ya mji mwaka 2003, Butembo ikiwa na komini nne na Beni nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inaupa mji baraza la kuamua mambo yake, lakini tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya kuzingirwa, na mameya wa kiraia walipisha maofisa wa polisi. Kanuni ya mji inayohitaji majadiliano na wenye parsela haipati mahali pa kujadiliwa.

Tena, Beni kuna tofauti ambayo sheria za New Orleans hazikuhitaji kuifikiria. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 watu wengi wamekimbia nyumba zao wakiacha milango imefungwa. Anayekimbia silaha na anayengoja bei ya kiwanja ipande huacha nyumba zinazofanana: majani uani, bati likipigapiga kwa upepo. Kanuni ya Beni ingepaswa kuuliza kwanza mwenyewe yuko wapi na kwa nini aliondoka, na kuruhusu komini izibe paa kwa gharama itakayolipwa wakati wa kuuza, pasipo kumvua aliyekimbia haki yake.