Kofia ya Jack Leslie (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Tulikuwa Upton Park, mashariki mwa London, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mzee aliyekwisha kustaafu kazi yake ya kutengeneza mabwela ameketi kwenye chumba cha viatu cha West Ham, anakwangua tope. Daluga moja ni ya Bobby Moore, nahodha aliyelibeba Kombe la Dunia mwaka 1966. Nyingine ni ya Geoff Hurst, aliyefunga mabao matatu katika fainali ile. Anakwangua, anapiga brashi, anapanga. Vijana wanamwita Jack, na wengi wao hawajui aliwahi kuwa nani.

Tukarudi nyuma hadi Canning Town, mtaa wa mabandarini, alikozaliwa na baba Mjamaika aliyekuwa kibarua wa mafundi gesi na mama Mwingereza aliyekuwa mshona nguo. Tukamwona akiichezea Barking Town na kutwaa nayo Kombe la Wakubwa la Essex mwaka 1920. Mwaka uliofuata akapanda treni kwenda Plymouth, mji wa wanamaji kusini-magharibi mwa Uingereza, kuwa mchezaji wa kulipwa wa Plymouth Argyle. Siku moja ya Oktoba 1925, meneja Robert Jack, ambaye wote walimwita Bob, alituma aitwe ofisini. Kijana akaenda bila kujua anaitiwa nini.

SASA ENDELEA...

Maneno yenyewe yalikuwa machache. Meneja alimwambia ana habari njema kubwa: amechaguliwa kuichezea England. Mechi ni dhidi ya Ayalandi, mjini Belfast, Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba.

Hebu msomaji wangu, simama nami hapa kidogo umtazame huyu aliyeileta habari. Bob Jack hakuwa mtu wa kusikia mambo ya timu ya taifa redioni. Mwanawe wa kumzaa, David Jack, alianzia mpira hapo hapo Plymouth kabla ya kwenda Bolton, na ndiye aliyefunga bao la kwanza kabisa katika fainali ya kwanza ya Kombe la FA kuchezwa Wembley, mwaka 1923. Mwaka 1924 akaichezea England. Kwa hiyo mzee huyu aliijua furaha ya kofia ya England kama anavyoijua baba ambaye kofia imeingia nyumbani mwake.

Nasema kofia, na ni kofia kweli. Uingereza mchezaji akishaitumikia timu ya taifa hupewa kofia halisi, ya mahameli, yenye kishada, imedariziwa. Haivaliwi uwanjani wala haivaliwi sokoni. Inatunzwa kabatini, na siku mgeni wa heshima akija inatolewa aione. Mtu akishaipata, hata akifa maskini, hakuna wa kuwabishia wajukuu zake kwamba babu yao alikuwa nani.

Je, Leslie aliistahili? Hapa ndipo mtu wa mpira anapopaswa kusema bila kumung'unya maneno. Alicheza ushambuliaji wa ndani upande wa kushoto, ambao sisi tungeuita namba 10, ingawa siku hizo jezi hazikuwa na namba. Nje yake, pembeni kabisa, alikuwa Sammy Black, aliyetua Plymouth mwaka 1924 na ambaye hadi leo hakuna aliyeifungia Argyle mabao mengi kumzidi. Wawili hao walicheza kama watu walionyonya titi moja. Atakapotundika daluga katikati ya miaka ya 1930, Leslie atakuwa amecheza mechi 401 akiwa na jezi ya kijani ya Argyle na kufunga mabao 137. Hizo si takwimu za mtu anayebebwa.

Kilichomchelewesha ni daraja. Argyle walikuwa Daraja la Tatu Kusini, na sheria yake ilikuwa kali: anapanda bingwa peke yake. Mwaka 1922 walilingana pointi na Southampton, Southampton wakapanda kwa wastani wa mabao. Wakawa wa pili 1923. Wakawa wa pili 1924. Wakawa wa pili 1925. Miaka minne mfululizo unafika mlangoni, unafungiwa. Timu ya namna hiyo kutoa mchezaji wa England ilikuwa kama timu ya wilayani kwetu kutoa mtu wa kuanza Taifa Stars.

Mji ukalipuka kwa furaha. Leslie mwenyewe, alipokuja kumsimulia mwandishi wa habari akiwa mzee, alikumbuka kwamba klabu nzima ilijua na mji mzima ulikuwa ukizungumzia hilo tu. Jina lake lilichapishwa gazetini miongoni mwa walioitwa. Likasomwa na mabaharia, na mafundi wa gati, na wale waliozoea kumwona Jumamosi akipachika mpira wavuni kisha Jumapili akipita zake barabarani kama mtu yeyote.

Lakini kuna jambo ambalo gazeti lile halikulisema.

England ya wakati ule haikuwa na kocha. Naam, haikuwa naye; meneja wa kwanza wa kudumu, Walter Winterbottom, alipatikana mwaka 1946. Kabla ya hapo timu ilipangwa na kamati ya FA, wakubwa wa mpira kutoka sehemu mbalimbali za nchi, waliokaa mezani wakapitisha majina. Televisheni haikuwapo. Mzee wa kaskazini angeweza kumpigia kura mchezaji wa Plymouth kwa sifa alizosikia na mabao aliyoyasoma, asiwe amewahi kumwona hata siku moja. Na "Jack Leslie", likiandikwa kwenye karatasi, ni jina la Kiingereza kama majina mengine yote. Karatasi haina rangi ya ngozi.

Leslie alikuwa na ngozi ya baba yake. Kwenye viwanja vya ugenini hilo hawakuliacha lipite. Mwenyewe alieleza jinsi alivyotukanwa kwa rangi yake na kutishiwa kuvunjwa mguu, naye akayachukulia kama maneno ya kumtoa mchezoni, akaendelea kucheza. Matusi ya uwanjani yana dawa yake, unafunga bao. Kilichomjia Oktoba ile hakikuwa na lango.

Kwanza watu walinyamaza.

Alisimulia kwamba ghafla hakuna aliyelizungumzia tena lile suala. Pale klabuni, walewale waliomshika mkono siku chache nyuma sasa walimkwepa macho. Hakuuliza. Aliona kwenye nyuso zao kwamba wanaona taabu, na yeye, kwa utu wake, hakutaka kuwaongezea. Akaja kusikia kwa njia za pembeni kwamba watu wa FA walikuwa wamekuja kumwangalia tena, na safari hii hawakuja kuangalia mpira wake. Walikuja kuangalia uso wake. Wakauliza, wakaambiwa habari za baba yake, na yakaishia hapo.

Ndugu zangu, mimi hili la kimya ndilo linaloniuma kuliko yote. Hata mgeni asiyetakiwa, akibisha hodi huambiwa mwenye nyumba hayupo. Leslie hakuambiwa kitu. Maisha yake yote hakuna aliyemwita rasmi akamweleza kwa nini jina lake limeondolewa. Aliachwa aunganishe mwenyewe vipande: nyuso zilizoinama, minong'ono, na siku zinazokwenda kuelekea tarehe 24. Mtu aliyetukanwa anajua ametukanwa na nani. Huyu alipokonywa gizani, na asubuhi kila mtu alijifanya hajui kuna kilichopotea.

Wapo wanaosema huenda ilikuwa kosa tu la uandishi, jina liliteleza likaingia lisipohusika. Mimi sikubali. Meneja mwenye mtoto wa timu ya taifa hamwiti mchezaji wake ofisini kumpa uvumi. Na jina likikosewa, mtu huombwa radhi, haangaliwi pembeni.

Orodha ikatoka tena. Kwenye nafasi ya ndani kushoto liliandikwa jina la Billy Walker wa Aston Villa, mchezaji hodari wa Daraja la Kwanza, ambaye simulizi hii haina ugomvi naye. Jina la Leslie halikuwapo kati ya wanaoanza, wala kati ya wa akiba. Watu wa Plymouth wakakasirika, mpaka magazetini kukawa na manung'uniko. Haikubadilisha kitu. Safari ya Belfast ikapangwa bila yeye.

Sasa ni Jumamosi, tarehe 24 Oktoba 1925. Ng'ambo ya bahari, huko Belfast, watu kumi na mmoja wa England wanaingia kukutana na Ayalandi, na mmoja wao amevaa jezi iliyopaswa kuwa ya mtoto wa kibarua wa Canning Town. Siku hiyo hiyo Argyle nao wana mechi ya ligi, dhidi ya Bournemouth.

Jack Leslie yumo kikosini. Ana kila sababu ya kususa. Ana kila sababu ya kuiburuza miguu, aseme kichwa kinauma, au aombe nauli arudi mabandarini kwao London. Wenzake bado hawajui wamtazame vipi. Pembeni kushoto amesimama Sammy Black akisubiri pasi, ile pasi ambayo kwa zaidi ya mwaka sasa hutoka mguuni mwa mtu mmoja tu.

Filimbi inapulizwa.

Siku hiyo England watafunga mangapi bila Leslie? Na Leslie atawajibu nini waliomkata jina? Yapo pia yatakayotupeleka mbali zaidi ya Jumamosi ile, kwa sababu Ron Greenwood, mtu atakayekuja kumpa mzee huyu kazi ya kusafisha viatu pale West Ham, ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1978, akiwa meneja wa England, atamkabidhi mchezaji mweusi jezi ya timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza katika mechi kamili ya kimataifa. Shika jina hilo, tutalihitaji.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Usikose, na mwenzako ambaye hakuisoma sehemu ya kwanza msimulie leo, maana wiki ijayo tunaanzia kwenye bao.